TAA ZA NYUMA ZA ALTEZZA
Somo la Mwanga na Umeme kwa Gharama Ndogo

Bwana Mhariri amenitaka niandike kwa ajili ya toleo hili somo moja la fizikia ambalo hata mzazi asiyepata kuketi katika maabara yetu aweza kulifuata. Nimechagua taa za nyuma za motokaa. Muhula huu wanafunzi wa Kidato cha Tatu walio katika Chama cha Sayansi wamekuwa wakishughulika nazo kila Jumamosi kando ya karakana, na wapitao hapo hudhani kwamba tumefungua duka la kupamba magari. Kwa kweli tulikuwa tukisoma mwanga na umeme, ijapokuwa mapambo nayo yalikuwamo.

Kwanza yafaa tukumbuke kazi ya taa hizi. Taa ya mbele humsaidia dereva mwenyewe aone. Taa ya nyuma haimsaidii yeye kuona hata kidogo. Kazi yake ni kusema na mtu mwingine asiyemjua, anayekuja nyuma yake. Nayo ina maneno machache tu: nipo hapa, nafunga breki, nageuka. Katika magari mengi maneno mawili ya kwanza hutoka katika balbu moja yenye nyuzi mbili ndani yake. Uzi mmoja ni wa wati 5, nao huwaka usiku safari nzima. Wa pili ni wa wati 21, nao huwaka mguu ukanyagapo breki. Yote mawili ni mekundu. Basi aliye nyuma usiku hutambua breki kwa sababu wekundu umezidi nguvu ghafla, na mchana hutambua kwa sababu wekundu umeweza kushindana na jua.

Gari tulilolifanyia somo ni Toyota Altezza. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, likaendelea kuundwa hadi mwaka 2005. Huko Ulaya na Marekani liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Jina Altezza ni neno la Kitaliano, maana yake kimo, au utukufu wa mtu mkubwa. Kwa umbo ni gari dogo la kifamilia la milango minne, lakini tabia yake ni ya gari la mashindano: magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na ile aina iitwayo RS200 ina injini ya lita 2 na yaweza kupatikana na gia 6 za mkono. Kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, magari yao yaliyokwisha kutumika huletwa Afrika ya Mashariki kwa wingi, na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wamelipenda gari hili kupita kiasi.

Hata hivyo kilicholitangaza ulimwenguni zaidi hakikuwa injini. Kilikuwa taa za nyuma. Taa ya nyuma ya magari mengi ya zamani ilikuwa kipande kikubwa cha plastiki nyekundu, basi. Altezza ilikuja na kifuniko kisicho na rangi, angavu kama bilauri ya maji, na ndani yake taa nyekundu za mviringo. Watu waliona, wakatamani, na viwanda vingine vikaanza kuuiga mtindo huo kwa magari ya kila namna. Huko Marekani taa za sura hiyo ziliitwa taa za Altezza, ijapokuwa gari lenyewe halikuuzwa huko kwa jina hilo. Baadhi ya nakala za bei rahisi ziliacha kitu kimoja kidogo ambacho mnunuzi hakukikumbuka dukani, nacho ni rifleka. Nitakirudia hivi punde.

Gari hilo ni la mpwa wangu, fundi wa simu mjini. Alilinunua likiwa limechakaa, na akiba yake yote iliishia hapo. Alikuja siku ya Jumamosi, akaniamkia, kisha akasema mbele ya wanafunzi, "Mjomba, nataka taa za nyuma ziwe nyeusi. Mchana zisionekane, usiku ziwake." Vijana walicheka, lakini mimi niliona hilo ni swali la fizikia tupu. Nikamjibu, "Haya, mjomba," maana kwetu jina hilo huenda pande zote mbili, "tupime kwanza."

Njia rahisi ya kuzitia taa weusi ni kuzibandika karatasi ya plastiki ya kiza, ile inayoitwa tinti, au kupuliza rangi ya kopo. Ni kazi ya saa moja na fedha kidogo. Tuseme tinti hiyo inapitisha nusu ya mwanga. Mwanga wa balbu hutoka ndani kwenda nje, nao hupita kwenye tinti mara moja, kwa hiyo nusu hubaki. Ile balbu ya wati 21 sasa yafanya kazi kana kwamba ni ya wati 10 na nusu, na betri inalipa zile zile 21. Ukiongeza tabaka la pili, hubaki robo. La tatu, sehemu moja kwa nane. Mpuliza rangi huona ameongeza weusi kidogo tu, kumbe kila tabaka lagawanya kilichobaki.

Sasa turudi kwenye rifleka. Hiki ni kile kipande chekundu chenye vijipembe vingi, ambacho katika magari mengine kimo ndani ya taa na katika mengine kiko kwenye bampa. Kila kijipembe kimeundwa kama pembe ya chumba, pale ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia na sakafu vinapokutana. Mwanga ukiingia katika pembe ya namna hiyo hugonga nyuso tatu, kisha hurudi kule kule ulikotoka, hata kama ulikuja kwa mshazari. Ndiyo sababu taa za lori linalokuja zikipiga rifleka, mwanga humrudia dereva wa lori hilo hilo. Rifleka haihitaji waya, balbu wala betri.

Lakini mwanga wa rifleka hutoka nje, huingia, kisha hutoka tena. Ukiwa umeibandika tinti, mwanga huo hupita mara mbili. Nusu ya nusu ni robo. Kwa matabaka mawili hubaki sehemu moja tu kwa kumi na sita. Kwa hiyo weusi uleule unaoidhoofisha taa kidogo humaliza kabisa kile chombo ambacho kingemsaidia mtu siku ambayo umeme wake umekwisha. Fikirini gari lililozimika usiku katika mlima wa Kitonga, betri imekufa, dereva ameinama chini ya boneti, na nyuma yake linashuka lori lililopakia. Wakati huo gari halina neno lolote la kusema isipokuwa rifleka.

Wanafunzi hawakutaka kuniamini kwa hesabu peke yake, na walifanya vema. Walichukua rifleka mbili za baiskeli, moja wakaifunika tinti, wakaziweka mwisho wa ukumbi taa zikiwa zimezimwa. Kila mmoja alisimama upande wa pili na tochi aliyoishika karibu na nyusi zake. Hapo karibu na jicho ndipo pa kushika, kwa sababu mwanga hurudi kwenye chanzo chake. Ukiishika tochi kiunoni hutaona kitu cha maana. Jaribio hili mzazi yeyote aweza kulifanya nyumbani. Rifleka iliyo wazi iliwaka kama jicho la paka. Ile nyingine ilibidi kutafutwa. Mpwa wangu alitazama mara mbili, akaikunja karatasi yake ya tinti akaiweka mfukoni, na hatukuzungumza tena habari ya kuzifunika taa nzima.

Hata hivyo alikuwa bado na haki ya gari zuri. Sikubaliani na wale wanaosema kwamba kijana anayependa sura ya gari lake ni mpuuzi. Mtu anayekipenda chombo chake hukitunza. Tulianza na usafi, na hapo peke yake gari lilipata nusu ya uzuri liliotafuta. Kifuniko cha taa kilikuwa na mikwaruzo na ukungu wa miaka mingi. Tulikiosha kwa maji na sabuni, tukakisugua kwa msasa laini sana uliolowa, kuanzia namba 1000, kisha 1500, kisha 2000, tukimalizia kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa safi. Baada ya msasa wa kwanza plastiki hugeuka nyeupe na mwenye gari hushikwa na hofu; asiache kazi hapo. Jambo la hatari ni kutumia petroli au tina ili kuharakisha. Plastiki ya taa za nyuma nyingi ni ya aina ya akriliki, nayo ikiguswa na vimiminiko hivyo hupasuka nyufa ndogo ndogo zisizoondoka.

Wako watakaowashauri mwitie taa katika oveni ili mfungue kifuniko na kupaka rangi ndani. Njia hiyo imetokana na taa za mbele, ambazo mara nyingi hushikwa kwa gundi inayolainika kwa moto. Taa za nyuma nyingi zimeunganishwa kwa plastiki yenyewe kuyeyushwa, na akriliki huanza kulainika karibu na joto la maji yanayochemka. Mtaziharibu. Kila tulichokifanya sisi tulikifanya kwa kupitia tundu la balbu, kutoka ndani ya buti.

Kuhusu weusi, tulipatana hivi. Tuliwasha taa zote gizani, tukabandika utepe wa karatasi juu ya kila sehemu inayotoa mwanga na juu ya rifleka. Zilizobaki ni kingo zilizo kama fremu, ambazo hazipitishi mwanga wowote. Hizo tu ndizo zilizopulizwa rangi nyeusi. Utepe ulipotolewa, zile duara nyekundu zilionekana kana kwamba zimechongwa ndani ya jiwe jeusi. Mpwa wangu alizunguka gari mara tatu bila kusema neno.

Sasa niingie katika umeme, ambao ndio hasa niliotaka kuwaeleza. Mpwa wangu alitaka pia taa za LED, kwa sababu magari mapya yanazo. LED zina faida moja kubwa ambayo wengi hawaijui. Uzi wa balbu lazima kwanza upate moto ndipo utoe mwanga, nao huchukua karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kufika nguvu yake. LED huwaka papo hapo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 na kidogo kila sekunde; katika sehemu mbili za kumi hupita mita 4.4, na huo ndio urefu wa Altezza yenyewe kutoka bampa hadi bampa. Aliye nyuma hupewa nafasi ya gari zima kwa sababu ya taa tu.

Nunueni LED nyekundu, msinunue nyeupe. Kifuniko chekundu huzuia rangi zote isipokuwa nyekundu, na LED nyeupe ina wekundu mchache. Sehemu kubwa ya mwanga wake hufia ndani.

LED nyekundu ya kawaida huhitaji volti 2 hivi, nayo haitaki zaidi ya miliampea 20. Betri ya gari huitwa ya volti 12, lakini injini ikiwa inakwenda alteneta huipandisha hadi volti 14 hivi, na ni hiyo 14 tunayoihesabu. Tulifunga LED nne mfululizo katika kila mstari: nne mara 2 ni volti 8. Dayodi moja tuliyoiweka njiani hula volti 0.7. Kinachobaki ni 14 kutoa 8 kutoa 0.7, yaani volti 5.3, nazo lazima zimezwe na rezista. Kwa rezista ya omu 330 tunapata 5.3 gawa kwa 330, ambayo ni miliampea 16. Tuko chini ya 20, LED itaishi. Joto la rezista hiyo halifiki sehemu moja ya kumi ya wati, kwa hiyo ile ndogo ya robo wati yatosha.

Hiyo ni breki. Je, taa ndogo ya usiku? Kila mstari ulipewa rezista ya pili ya omu 1,800 inayotoka kwenye waya wa taa ndogo. Rudieni hesabu: 5.3 gawa kwa 1,800 ni miliampea 3 kasoro kidogo. Breki ikikanyagwa, mkondo huongezeka zaidi ya mara tano, na jicho haliwezi kukosea. Dayodi ni mbili, moja kwa kila waya, ili umeme wa breki usirudi nyuma ukawasha taa ndogo za gari zima. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini tusitumie rezista moja kubwa kwa mistari yote. Jibu ni kwamba LED hazifanani kabisa. Mstari unaohitaji volti kidogo zaidi ya wenzake ungenyimwa, na wenzake wangevimbiwa.

Kitako tulikipata bure kutoka katika balbu zilizoungua. Vunjeni kioo kikiwa kimezungushwa kitambaa kizito, na aliye kazini avae miwani ya maabara. Juu ya kitako tulisimamisha LED kama punje za mahindi kwenye gunzi: nne kila upande kwa pande nne, na nne juu, jumla 20. Za pembeni hupiga kile kikombe king'aacho ndani ya taa, za juu huenda moja kwa moja nje. Kabla ya kutia lehemu ya mwisho hakikisheni kwamba gunzi lapita katika tundu la balbu. Mistari ni mitano, na yote pamoja hutumia miliampea 80 wakati wa breki. Balbu ya wati 21 hutumia 1,750. Gharama ya gunzi moja, kwa mtu mwenye chuma chake cha kulehemu, haifiki bei ya lita tano za petroli.

Makundi mawili yalishindana. La kwanza lilitumia LED zenye kichwa kirefu, ambazo huelekeza mwanga mbele kama tochi. Ukisimama nyuma ya gari zilikuchoma macho, ukisogea hatua nne pembeni zilififia. La pili lilichagua zenye kichwa bapa, zinazotawanya mwanga. Tulifunga gunzi upande mmoja wa gari na balbu ya kiwandani upande wa pili, breki ikakanyagwa mchana wa jua, na darasa zima likatazama kutoka hatua 30, katikati na pembeni. Gunzi la kundi la pili lilisimama sawa na balbu, ndilo tulilolifunga. Lingeshindwa, balbu ingerudi mahali pake, na hata sasa mkaguzi wa magari akilikataa, itarudi kwa dakika mbili, maana hatukukata waya wowote wa gari.

Indiketa hatukuzigusa. Flasha ya gari la zamani hupima mkondo. Ikiona mkondo umepungua hudhani balbu imeungua, ikaanza kupepesa haraka haraka. Mafundi wengi hulidanganya kwa kuongeza rezista ya omu 6, nayo hula wati 24 na kuchemka kiasi cha kuyeyusha plastiki. Ni kutumia LED na kulipia balbu.

Taa ya tatu ya breki, ile ya juu katika kioo cha nyuma, yastahili maneno mawili, kwa kuwa ya mpwa wangu haikuwa ikiwaka na hakujali. Mwaka 1974 mwanasaikolojia John Voevodsky alifunga taa ya namna hiyo katika taksi 343 za eneo la San Francisco. Baada ya miezi 10 taksi hizo zilikuwa zimegongwa kwa nyuma pungufu kwa asilimia 60.6 kuliko zile zisizo nayo. Marekani ikailazimisha kwa magari mapya ya mwaka 1986. Watu walipoizoea faida ilishuka. Upimaji wa baadaye ulipata asilimia 4.3. Yaonekana ndogo, lakini kwa balbu moja ni faida kubwa. Ya mpwa wangu ilitaka balbu tu.

Kulikuwa na fumbo moja la mwisho. Taa ya kushoto ilikuwa hafifu hata kabla hatujaanza, na indiketa ikipepesa, taa ndogo nayo ilipepesa pamoja nayo. Wanafunzi walishuku balbu, kisha fyuzi. Nikawaambia waweke waya mmoja wa kipima-volti kwenye ethi ya taa ile na mwingine kwenye ncha hasi ya betri, kisha mtu akanyage breki. Kama ethi ni nzima kipimo hukaribia sifuri. Hiki kilisoma zaidi ya volti 2, maana yake umeme ulikuwa ukihangaika kutafuta njia ya kurudia betrini, ukapenya katika balbu za jirani. Skrubu inayoshika waya wa ethi kwenye bodi ilikuwa imekula kutu. Kijana mdogo kuliko wote chamani aliifungua, akaisugua kwa kipande cha msasa kilichobaki, akaikaza, akapaka grisi, na taa ya kushoto ikawaka sawa na ya kulia.